Ivan Tors na Simba Mwenye Makengeza

Watu wa Illasit, kule Kajiado mpakani mwa Kenya na Tanzania, hawana haja ya sinema kuwaonyesha tembo. Huwaingilia mashambani usiku, na asubuhi mahindi hayapo. Lakini watu wengi wa Marekani na Ulaya waliwajua wanyama wa nchi kama ile kwa televisheni tu, tena kwa mchezo wenye jina la Kiswahili: Daktari. Aliyewapa mchezo huo ni marehemu Ivan Tors.

Bwana huyu alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1916, na huko alikuwa mtungaji wa michezo ya kuigiza. Akahamia Marekani, akawa mwandishi wa sinema katika kampuni ya MGM, Hollywood. Alishirikiana na wenzake kuandika Song of Love (1947) na In the Good Old Summertime (1949), aliyocheza Judy Garland. Mambo ya mahaba na muziki, simba hayumo.

Baadaye akaanza kutengeneza filamu zake mwenyewe, kisha akaingia kwenye televisheni. Mchezo wake wa Sea Hunt, wa habari za mzamiaji, ulikataliwa na mashirika makubwa. Walidhani hadithi za chini ya maji zitawaishia upesi. Ukauzwa kwa kituo kimoja kimoja, ukaendelea tangu 1958 hadi 1961, sehemu 155! Mvuvi yeyote wa pwani angaliwaambia mapema kuwa bahari haiishiwi na hadithi.

Ukafuata Flipper, wa pomboo, kisha Daktari, 1966 hadi 1969, wenye simba Clarence mwenye makengeza na sokwe Judy. Yeye na mwenzake Ralph Helfer walishikilia kuwa mnyama hufundishwa kwa upole, si kwa mjeledi. Hilo ni la kusifiwa. Ila nyika ile ya Daktari ilikuwa California, karibu na Los Angeles. Africa Texas Style, ya 1967, ndiyo iliyopigwa Kenya hasa, na humo wanaokuja kuwakamata wanyama wetu kwa kamba ni wachunga ng'ombe wa Texas. Mwenyeji, aliyeishi na wanyama hao tangu babu zake, alibaki msaidizi.

Tors alifariki Mato Grosso, Brazil, mwaka 1983. Huko Ujerumani, wengi waliokuwa watoto siku zile wangali wakilijua neno daktari, nao walifunzwa na Clarence.