Faraday: Mjalidi vitabu aliyefichua siri ya dhahabu nyekundu

MICHAEL Faraday, mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza, alizaliwa Septemba 22, 1791, kusini mwa London, katika familia ya mhunzi maskini.

Hakubahatika kupata elimu ya kutosha. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa kwa mjalidi vitabu kujifunza kazi, na kwa miaka saba alivijalidi vitabu vya watu huku akivisoma.

Mnamo 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy. Aliyoyasikia aliyaandika kwa makini, akayajalidi mwenyewe na kumpelekea mwanazuoni huyo. Mwaka uliofuata, Davy alimwajiri kuwa msaidizi wake.

Wengi humkumbuka kwa ugunduzi wa 1831 uliofungua njia ya jenereta za umeme. Hata hivyo, katika miaka ya 1850, kumbukumbu zake zikiwa zimeanza kudhoofika, aligeukia dhahabu.

Faraday alitia fosforasi katika maji yenye chumvi ya dhahabu. Badala ya rangi ya manjano, alipata kimiminika chekundu kama yakuti.

Alipopitisha mwali wa mwanga ndani yake, njia ya mwali huo ilionekana waziwazi. Akatambua kuwa dhahabu haikuwa imeyeyuka, bali ilikuwa imetawanyika katika chembe ndogo mno zisizoonekana kwa hadubini za enzi hizo. Aliyatangaza matokeo hayo mwaka 1857.

Faraday alifariki Agosti 25, 1867, akiwa na umri wa miaka 75. Hakujaliwa mtoto.

Chembe alizozitambua leo huitwa chembe za nano. Kwa kuwa baadhi ya kemikali za kuzitengeneza ni hatari, wanasayansi wamegeukia mimea. Mwaka 2004, watafiti nchini India walieleza jinsi walivyozitengeneza kwa maji ya majani ya mwarobaini. Viambato vya majani hayo huigeuza chumvi ya dhahabu kuwa chembe, kisha huzizuia zisishikamane.

Chembe za aina hiyo zimejaribiwa dhidi ya bakteria kwenye maabara. Nguvu yake hutegemea ukubwa wa chembe na viambato vinavyozifunika, hivyo matokeo hutofautiana, na bado hazijawa dawa ya kawaida hospitalini.

Chupa za Faraday zingali zimehifadhiwa London. Zaidi ya miaka 150 baada ya kifo chake, kimiminika kilichomo hakijapoteza wekundu wake.