SHARIFU AL-IDRISI, MCHORAJI WA DUNIA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Katika wanavyuoni wa Kiislamu waliotangulia wamo ambao watoto wetu huyasikia majina yao tu, wasijue walilolifanya. Mmoja wao ni Sharifu Muhammad bin Muhammad al-Idrisi, aliyezaliwa Sabta, upande wa Maghrib, yapata mwaka 1100, na nasaba yake yafika kwa Sayyidna Hasan bin Ali.

Tangu ujanani alisafiri Andalusi, Afrika ya Kaskazini na Anatolia. Kisha Mfalme Roger wa Pili wa Sicily akamwita Palermo ampe kazi ya kuieleza dunia. Mfalme huyo alikuwa Mkristo, lakini aliijua thamani ya elimu iliyokuwa mikononi mwa Waislamu, akaitafuta. Ni fedheha kwetu ikiwa sisi wenyewe twaiacha.

Kazi hiyo ilichukua kiasi cha miaka 15. Vitabu vya waliotangulia vilisomwa, na wasafiri wakaulizwa khabari za miji, njia na masafa. Waliyoafikiana yakathibitishwa, waliyokhitalifiana yakawekwa kando. Mwenye kujua namna maulamaa wa Hadithi walivyowachunguza wapokezi atatambua kuwa njia ni moja: khabari haikubaliwi ila kwa uthibitisho.

Mwaka 1154 kitabu kikatimia, pamoja na ramani 70 na sahani kubwa ya fedha iliyochorwa dunia. Kusini kiliwekwa juu, kama ilivyokuwa desturi ya wachoraji wengi wa Kiislamu. Ndani yake zimo Malindi na Mombasa, na khabari ya chuma kilichochimbwa huko. Pwani ya Afrika aliielekeza mno mashariki, kwa kuwafuata wa kale. Bara yetu hakuijua. Alifariki yapata mwaka 1165.

Ndugu zetu, mafunzo ni haya: asiyeipima nchi yake hupimiwa na mwengine. Hapa pwani, sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi alete madai yake. Na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Wangapi walilala, na wajukuu wao leo hawana hati! Huko Kericho na Bomet, vilima vya Wakipsigis vilipigwa mipaka kwenye karatasi wasizozichora wao. Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakapanda mashamba yao, na mwaka 1934 ukoo wa Talai ukahamishwa kwa sheria hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Kalamu ya mpimaji ilifanya ambayo bunduki peke yake isingeweza kuyadumisha.

Leo elimu ya Al-Idrisi imekua. Satelaiti hupiga picha za ardhi kutoka juu, na kompyuta huziweka khabari tabaka juu ya tabaka: mipaka, mito, mteremko, udongo, mvua. Kwa elimu hiyo hujulikana ni wapi msitu wa Mau umekatwa, ni shamba gani la chai limo katika chemchemi, na mpaka wa mkulima mdogo wapita wapi. Lakini picha ya juu haitoshi; lazima mtu ashuke ardhini, aulize na kuhakikisha, kama alivyofanya Sharifu.

Kijana wa Kiislamu, awe Mombasa au Kericho, aweza kuisoma elimu hii katika Chuo Kikuu cha Nairobi, au Chuo cha Jomo Kenyatta, au Dedan Kimathi huko Nyeri. Mlango wake ni hesabu, jiografia na kompyuta tangu shule ya sekondari. Kazi zake ziko katika ofisi za ardhi, kaunti, misitu, maji na kilimo. Na mwenye kuishika ashike na amana, kwani mstari mmoja wa uwongo waweza kumnyang'anya yatima shamba lake, na dhulma ya ardhi adhabu yake ni kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Enyi wazazi, msiwazuie watoto wenu na elimu hii kwa kudhani si ya dini. Waliotutangulia hawakudhani hivyo. Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Idrisi, na atujaalie warithi wema wa elimu. Amin.