Marie Curie na gramu moja ya radiumu

Mwaka 1920, Marie Curie alikuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel mara mbili, lakini labo yake ya Paris ilikuwa na gramu moja tu ya radiumu. Na hiyo yenyewe ilikuwa kazi ya hospitali: gesi yake ilitumwa kwa waganga wa kutibu kansa. Utafiti ulibakia njaa. Yeye na mume wake Pierre hawakujimilikisha namna ya kuitengeneza, basi viwanda ndivyo vilivyokula makuta.

Mwandishi wa Marekani Marie Meloney alipomtembelea, alisikia bei: dola 100.000 kwa gramu moja. Bei kali! Lakini hesabu ilikuwa na maana. Radiumu ikiwekwa ndani ya maji inatoa gesi. Gesi inakusanywa, inafungwa ndani ya vichupa vidogo, na kisha siku chache ingine imejikusanya. Mwanafunzi anapima, munganga anatibu, na gramu iko palepale. Nusu yake inaisha kisha miaka karibu 1.600. Wanawake wa Marekani wakachanga, na kisha mwaka mmoja hivi makuta yakatimia.

Usiku wa kuamkia sherehe, Curie akaonyeshwa karatasi ya zawadi. Iliandikwa kwa jina lake. Akakataa: kama akikufa, radiumu ingekuwa urithi wa binti zake Irène na Ève, siyo mali ya labo. Hakutaka kungoja hata wiki moja; mwanasheria akatafutwa usiku uleule, karatasi ikabadilishwa. Tarehe 20 mwezi wa tano 1921, raisi Harding akamkabidhi zawadi ile huko Washington.

Mwaka ule ule, huku Katanga, madini ya Shinkolobwe yalianza kuchimbwa. Kutoka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilitoa radiumu yake, na bei ikaanguka. Mwaka 1929 Wamarekani wakachanga tena, juu ya taasisi ya Warsaw, mji alikozaliwa Curie: dola 50.000 zikatosha gramu nzima, iliyonunuliwa Ubelgiji. Jasho la wachimbaji wa Shinkolobwe lilikuwa ndani, hata kama vitabu vingi vinaruka jambo hilo.

Curie alikufa tarehe 4 mwezi wa saba 1934, kwa ugonjwa wa damu. Gramu ya 1921 haikuwa urithi wa binti zake. Ilibakia labo, mule Irène alimokuwa akifanya kazi pamoja na wengine.