Nambari saba ilivyomteka Court de Gébelin

Wapo wataalamu waliofanya kazi kubwa maishani mwao, kisha dunia ikaisahau kazi na kulikumbuka kosa. Mmoja wao ni Antoine Court de Gébelin, Mfaransa aliyefariki mwaka wa 1784. Wanaotabiri kwa karata za taroti, na wanaolipa ili watabiriwe, wanaifuata hadi leo imani aliyoiasisi yeye, ingawa wengi wao hawajapata kulisikia jina lake. Mimi hulitaja kila mwaka mbele ya wanafunzi wangu wa isimu, na leo ningependa kulitaja hapa, kwa kuwa maradhi yaliyoipata elimu yake hayakuzikwa naye.

Babake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti wakati ambapo dhehebu hilo lilikuwa limepigwa marufuku Ufaransa. Kwa amri ya mfalme ya mwaka wa 1685, Waprotestanti walinyimwa haki ya kuabudu. Baadaye hata ndoa zao hazikutambuliwa na watoto wao wakahesabiwa kuwa wa haramu. Mnamo 1729 mchungaji huyo alikimbilia Lausanne, Uswisi, akawa akiwafunza vijana waliorudi Ufaransa kuhubiri kwa siri. Mwana alifuata nyayo za baba, akapewa daraja ya uchungaji mwaka wa 1754. Katika mwongo uliofuata alihamia Paris kuwatetea wenzake waliodhulumiwa. Aliandika kumtetea Jean Calas, mfanyabiashara wa Toulouse aliyeuawa na serikali mwaka wa 1762 kwa kusingiziwa kwamba alimuua mwanawe. Huyu basi hakuwa laghai wala mpenda makuu.

Lugha ndiyo iliyokuwa mapenzi yake ya pili. Kati ya 1773 na 1782 alitoa majuzuu tisa ya kitabu kikubwa kuhusu ulimwengu wa kale, akikusudia kuonyesha kwamba lugha zote zimechipuka katika shina moja, na kwamba mtu akilinganisha maneno kwa makini anaweza kuufikia usemi wa kwanza wa binadamu. Swali lilikuwa zuri. Kasoro ilikuwa katika mizani: kwake, sauti mbili zikifanana, ushahidi ulikuwa umetimia.

Mizani hiyo ndiyo aliyoitumia alipokutana na taroti. Siku moja, nyumbani kwa bibi mmoja wa tabaka la juu, aliwakuta watu wakiucheza mchezo huo, ambao wakati huo haukujulikana sana Paris ingawa ulichezwa Uswisi na Ujerumani. Kwa maelezo yake mwenyewe, robo saa ilimtosha kutambua kwamba karata zile zilikuwa kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri, kilichofichwa katika umbo la mchezo ili kisiteketezwe. Mwaka wa 1781 aliyachapisha hayo katika juzuu ya nane.

Hoja yake kuu ilikuwa nambari. Karata za taroti ni 78. Makundi manne ya kawaida, yaani vikombe, sarafu, panga na magongo, yana karata 14 kila moja, na 14 ni saba mara mbili. Juu yake zipo karata 22 za picha: moja ni ya Mpumbavu, ambayo aliihesabu kuwa sifuri, na zilizobaki ni 21, yaani saba mara tatu. Jumla, bila Mpumbavu, ni 77. Kwa kuwa aliamini saba ilikuwa nambari takatifu ya Wamisri, aliona kesi imekwisha. Jina lenyewe alilikata vipande viwili, akasema kipande cha kwanza kilimaanisha njia na cha pili mfalme, kwa Kimisri. Kimisri hicho hakuna aliyeweza kukisoma wakati huo. Champollion alipata ufunguo wa maandishi yake mwaka wa 1822.

Mfano mmoja huwachekesha wanafunzi wangu, kisha huwanyamazisha. Karata ya 12 inaonyesha mtu aliyetundikwa kwa mguu mmoja, kichwa chini. Court de Gébelin alikuwa akitafuta picha ya Busara, asiipate. Basi akaigeuza karata hiyo juu chini, mtu akasimama kwa mguu mmoja, akatangaza kwamba huyo ndiye Busara na kwamba mafundi wa karata ndio waliokosea. Ushahidi ulipokataa kuifuata nadharia, aliupindua ushahidi.

Historia inasema vingine. Taroti ilizuka Italia ya kaskazini katika karne ya 15, ikaitwa trionfi, yaani karata za ushindi, kwa kuwa zile za picha zilizishinda nyingine zote. Katika seti kongwe zilizosalia, karata za picha hazina nambari kabisa. Mpangilio wake ulitofautiana kati ya mji na mji, na nambari zilipoandikwa kazi yake ilikuwa kumkumbusha mchezaji ipi inashinda ipi. Bologna walicheza kwa karata 62, na Florence wakawa na mchezo wa jamii hiyo wenye karata 97. Jaribu, msomaji, kuzigawa jumla hizo kwa saba.

Laiti angalijua Kiswahili! Wacheza karata wetu husema kopa, uru, shupaza na pau. Maneno haya tuliyapata kwa Wareno: kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, pau ni magongo. Kwenye karata tunazotumia kopa huchorwa moyo, lakini neno lingali linakumbuka kikombe. Hayo ndiyo makundi manne yale yale ya taroti. Turufu nayo ni ya ukoo mmoja na trionfi. Hapa hatutegemei mfanano wa sauti pekee: tunajua Wareno walikuwa Mombasa, tunajua lini, na maneno manne ya mchezo mmoja yamekuja pamoja na maana zake. Jambo la ajabu ni kwamba Misri imo kweli katika habari hii. Karata zilizoingia Ulaya katika miaka ya 1370 zilifanana na zile za Misri ya Wamamluki, watawala Waislamu, nazo zilikuwa na vikombe, sarafu, panga na magongo ya mchezo wa polo. Ukweli ulikuwepo, ila haukuwa na siri yoyote ya makuhani.

Mwishoni mwa maisha yake Court de Gébelin aliugua, akatibiwa na Mesmer, tabibu aliyedai kuponya kwa nguvu ya sumaku iliyomo viumbeni, akaandika kumsifu. Ugonjwa ukarudi, akafariki Mei 1784. Miezi michache baadaye tume ya mfalme, ambayo Benjamin Franklin alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilitangaza kwamba nguvu hiyo haipo. Mwaka wa 1787 Waprotestanti walipata haki ya kuandikisha ndoa zao, naye hakuwapo kuishuhudia siku aliyoipigania. Kilichoendelea kuishi ni ile robo saa. Mwaka wa 1856 Éliphas Lévi aliziambatanisha zile karata 22 na herufi 22 za Kiebrania, ambazo pia ni nambari, kama zilivyo herufi za abjadi kwa walimu wetu wa falaki Pwani; na jengo likapandishwa juu ya msingi ule ule.

Kwa nini nayasimulia haya? Kwa sababu hata hapa kwetu hukosi mtu anayeliokota neno moja la lugha ya mama, akalifananisha na la Kimisri au la Kiebrania, akahitimisha kwamba jamii yake ilitoka huko na ya jirani haikutoka kokote. Katika nchi ambamo swali la nani alifika kwanza limewahi kumwaga damu, hilo si mzaha. Mwenye kudai hivyo na aulizwe maneno mangapi, yamebadilika sauti kwa kanuni gani, na watu hao walikutana wapi na lini. Asipokuwa na majibu, usomi wake na wema wake visitufanye tumsadiki. Court de Gébelin alikuwa navyo vyote viwili.