Tusimpime Coluna kwa Mabao

Jioni hapa Faza, baada ya sala ya alasiri, vijana hukusanyika barazani wakabishana juu ya kandanda kama babu zao walivyobishana juu ya manahodha wa majahazi. Majina yamebadilika, ubishi ni ule ule. Ni nani bora, Messi au Ronaldo? Kila mmoja huja na hesabu zake za mabao na vikombe, na mwenye hesabu kubwa hudhani kwamba kesi imekwisha. Juzi nilipokuwa nikipita waliniita, kwa kuwa nimewahi kushika chaki, wakaniomba niwatolee hukumu. Sikuitoa. Niliwauliza kama wanamjua Mário Coluna wa Msumbiji. Hakuna aliyemjua. Kijana mmoja akataka kujua mtu huyo aliifungia timu yake ya taifa mabao mangapi. Nilipomjibu kuwa ni manane katika mechi 57, baraza zima liliangua kicheko.

Sikuwalaumu. Hivyo ndivyo tulivyowafunza shuleni: alama ni alama, mwenye nyingi yuko mbele. Lakini wazee wa kisiwa hiki hawakumpima nahodha kwa idadi ya safari peke yake. Waliuliza alisafiri kwa kaskazi au kwa kusi, chombo chake kilikuwa kizima au kilivuja, na alipofika Mkanda alikuta maji yamejaa au yamekupwa. Jawabu za maswali hayo hazikuandikwa popote, ila ndizo zilizompa mtu heshima.

Coluna naye alikuwa mtu wa kisiwani. Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1935 katika kisiwa cha Inhaca, kilicho mlangoni mwa ghuba ya mji uliokuwa ukiitwa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Babake alikuwa Mreno na mamake Mwafrika. Alianza kutambulika katika klabu ya Desportivo mjini humo, na mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 19, akachukuliwa na Benfica ya Lisbon. Alikwenda huko akiwa mshambulizi. Kocha Otto Glória aliona mambo ambayo pengine kijana mwenyewe hakuyaona, akamrudisha nyuma hadi safu ya kiungo. Uamuzi huo ulimpunguzia mabao kwa maisha yake yote, na ndio uliomfanya Coluna kuwa Coluna.

Kiungo wa namna yake ndiye anayeamua mchezo uende kasi au upungue, upande gani ushambuliwe na nani apewe mpira. Akifanya kazi yake barabara, sifa humwendea mwingine. Hata hivyo msidhani kwamba hakujua kufunga. Katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya ya mwaka 1961 mjini Bern, Benfica iliilaza Barcelona mabao 3 kwa 2, na bao la tatu lilikuwa lake. Mwaka uliofuata, mjini Amsterdam, walikutana na Real Madrid ya Di Stéfano na Puskás. Puskás alifunga mabao matatu kabla ya mapumziko, na Madrid wakaenda kupumzika wakiongoza 3 kwa 2. Baada ya mapumziko ni Coluna aliyesawazisha. Kisha kijana wa miaka 20 akaongeza mawili, mechi ikaisha 5 kwa 3, na tangu siku hiyo dunia ikalishika jina la kijana huyo: Eusébio.

Hapa ndipo maisha ya watu hawa wawili yanapofungamana hata usiweze kumpima mmoja ukamwacha mwingine. Eusébio alizaliwa mwaka 1942 katika mtaa wa Mafalala, Lourenço Marques, akafika Lisbon mwezi wa Desemba 1960 akiwa kijana mgeni asiyejua mtu. Mamake, ambaye alikuwa mjane, alimwandikia Coluna barua kumwomba amwangalie mwanawe. Coluna akamwangalia kama kaka mkubwa amwangaliavyo mdogo wake: fedha zake, malazi yake, mwenendo wake. Eusébio alimheshimu hivyo hivyo, na hata baada ya kupata umaarufu uliompita mlezi wake, aliendelea kumwita kwa jina la heshima, si kwa jina tupu. Inasimuliwa kwamba katika fainali ile ya Amsterdam, penalti ilipotolewa, kijana alimwomba kwanza Coluna ruhusa ya kuipiga. Mkwaju ule umo katika hesabu ya Eusébio. Ruhusa haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Hesabu ya Eusébio ni ya kutisha: mabao 473 katika mechi 440 za Benfica, na 41 katika mechi 64 za Ureno. Mwaka 1965 alitunukiwa Mpira wa Dhahabu wa Ulaya. Mlezi wake alitwaa ubingwa wa ligi mara 10 na kucheza fainali tano za Ulaya, za 1961, 1962, 1963, 1965 na 1968. Alishinda mbili za kwanza, akashindwa tatu. Mwenye kupenda kuhesabu atasema huyu alipoteza fainali nyingi kuliko alizoshinda. Basi na tuitazame moja kati ya hizo alizopoteza. Mwaka 1963 uwanjani Wembley, Benfica wakicheza na Milan, Coluna aliumizwa vibaya kwa kuchezewa ngware. Siku hizo hapakuwa na ruhusa ya kumbadilisha mchezaji, aliyeumia alibaki uwanjani akichechemea au timu ikacheza na pungufu. Benfica, waliokuwa wametangulia kufunga, walishindwa 2 kwa 1. Katika kitabu cha matokeo fainali ile imeandikwa sawasawa na nyingine yoyote.

Wamarekani, ambao huhesabu kila kitu, hawajaepukana na ubishi huu. Katika kandanda yao, ile ya mpira wenye ncha mbili, kila timu ina mchezaji mmoja anayeupokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua amrushie nani. Ushindi huandikwa kwa jina lake, na kushindwa pia. Johnny Unitas, aliyecheza tangu 1956 hadi 1973, alistaafu akiwa na pasi 290 zilizoleta alama, bila kuhesabu mechi za mchujo. Tom Brady, aliyecheza mara ya mwisho msimu wa 2022, aliacha 649. Karatasi inasema Brady amemzidi mwenzake zaidi ya mara mbili. Lakini karatasi hiyo haisemi kwamba msimu wa kwanza wa Unitas ulikuwa na mechi 12, na wa mwisho wa Brady 17, wala kwamba mwaka 1978 sheria zilibadilishwa ili mabeki wasiwasumbue wapokeaji mpira kama zamani. Mmoja alisafiri kwa upepo wa kusi na mwingine kwa kaskazi. Yamkini Brady ni bora, mimi sipingi. Ninachopinga ni kusema kwamba namba zimeamua.

Turudi kwa mtu wetu. Mwaka 1966, katika Kombe la Dunia nchini Uingereza, Ureno ilishiriki kwa mara ya kwanza, na nahodha wake alikuwa Coluna. Watu wanne wa kikosi kile walitoka Msumbiji: yeye, Eusébio, Hilário na Vicente. Waliifunga Hungary, wakaifunga Bulgaria, wakawatoa mashindanoni Brazil waliokuwa mabingwa mara mbili mfululizo. Katika robo fainali Korea Kaskazini iliwatangulia kwa mabao matatu, nao wakageuza mambo, wakashinda 5 kwa 3. Manne katika hayo yalikuwa ya Eusébio. Walifungwa na wenyeji 2 kwa 1 katika nusu fainali, wakamaliza wa tatu kwa kuishinda Muungano wa Kisovieti. Eusébio alirudi akiwa mfungaji bora kwa mabao tisa. Coluna hakufunga hata moja. Lakini ukiwa umebaki nyuma kwa mabao matatu mbele ya macho ya dunia, mtu wa kwanza unayemhitaji ni yule wa kuituliza timu, na kitambaa cha unahodha kilikuwa mkononi mwake.

Sasa kuna jambo ambalo halikuwapa vijana wa barazani raha, wala mimi halinipi. Hesabu zote nilizozitaja zimeandikwa chini ya bendera ya Ureno. Hapa Faza jina la Ureno si jina jepesi, kwani mwaka 1587 majeshi yake kutoka Goa yaliuteketeza mji huu, yakawaua watu wake na kukata minazi yake. Kijana mmoja akauliza ni kwa nini basi nimsifu mtu aliyeibebea Ureno bendera. Nilimjibu kwamba Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na siku hiyo Coluna alikuwa na umri wa miaka 39. Je, kabla ya hapo angevaa jezi ya taifa gani? Wanafunzi wetu wakiulizwa katika chemshabongo ni Mwafrika gani aliyekuwa wa kwanza kutunukiwa Mpira wa Dhahabu, hujibu George Weah wa Liberia, mwaka 1995, na hupewa alama. Ni jawabu sahihi iwapo unahesabu bendera. Ukihesabu kitovu kilizikwa wapi, mtu wa Mafalala alimtangulia kwa miaka 30. Mwalimu mwenye kusahihisha hana budi kujua ni swali lipi ameuliza.

Baada ya kuondoka Benfica mwaka 1970, Coluna alicheza Lyon, Ufaransa, kwa muda mfupi. Nchi yake ilipokuwa huru alirejea Msumbiji, wakati ambapo Wareno wengi walikuwa wakifunganya virago kuihama. Nchi ilikuwa changa na maskini, kisha vita vikaiandama kwa miaka mingi. Alifundisha kandanda, na baadaye akawa rais wa shirikisho la mchezo huo nchini mwake. Kazi hiyo haina jedwali la mabao wala la vikombe. Eusébio alibaki Ureno, na simhukumu kwa hilo. Huko ndiko maisha yake yalikokuwa, na huko alipendwa mno.

Eusébio alifariki dunia mjini Lisbon tarehe 5 Januari 2014. Ureno ilitangaza siku tatu za maombolezo, na mwaka uliofuata mwili wake ukahamishiwa katika jengo wanamozikwa watukufu wa taifa hilo. Wiki saba baada ya kifo chake, tarehe 25 Februari 2014, mlezi wake alimfuata. Coluna alifia Maputo, ng'ambo tu ya maji kutoka kisiwa alichozaliwa, akiwa na umri wa miaka 78.