Antonio Maria Valsalva, Tabibu wa Sikio

Leo tunamkumbuka Antonio Maria Valsalva, tabibu Mwitalia ambaye kazi yake ingali ikiwanufaisha wenye maradhi ya masikio. Alizaliwa mjini Imola tarehe 17 Januari 1666. Alisomeshwa na Wajesuiti, kisha akaenda Bologna, akawa mwanafunzi wa Marcello Malpighi. Mwaka 1687 akahitimu udaktari na falsafa.

Zama zile matabibu walitibu sikio pasipo kujua vema lilivyo kwa ndani, kwa kuwa viungo vyake ni vidogo mno, navyo vimefichwa katika mfupa mgumu wa fuvu. Valsalva alikubali kazi ngumu ya kuvitafuta. Kwa miaka 16 alichunguza maiti, na mwanafunzi wake Giovanni Battista Morgagni alisimulia kwamba alipasua vichwa zaidi ya 1,000. Mwaka 1704 alitoa kitabu chake cha Kilatini juu ya sikio la binadamu. Humo aligawanya sikio katika sehemu tatu: la nje, la kati na la ndani. Mrija uunganishao sikio la kati na koo aliuita kwa jina la Bartolomeo Eustachi, aliyeueleza kabla yake.

Kwa wenye usaha sikioni, aliwafundisha kufumba mdomo, kubana pua na kusukuma pumzi, ili hewa ipite katika mrija huo na kuutoa usaha kupitia tundu la kiwambo. Njia hiyo hadi leo huitwa kwa jina lake, na wasafiri wa ndege huitumia masikio yanapoziba.

Tena, katika maiti ya mtu aliyekuwa kiziwi, alikuta kikuku, kile kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, kimegandamana na mfupa wa kando, hata hakiwezi kutikisika na kupitisha sauti. Hivyo uziwi ule ulikuwa na sababu inayoonekana kwa macho. Dawa yake ilichelewa sana: mwaka 1956 ndipo John Shea, huko Memphis, Marekani, alipokitoa kikuku kilichokwama na kuweka cha bandia, na mgonjwa akasikia.

Valsalva alihudumu pia katika hospitali ya wasiotumainiwa kupona, na alitaka wagonjwa wa akili watendewe kwa utu. Alifariki Bologna tarehe 2 Februari 1723, akazikwa katika kanisa la San Giovanni in Monte.

Nasi tujifunze kwake. Mtoto asiyeitika aitwapo pengine si mkaidi, bali hasikii. Kabla ya kumwadhibu, au kumtia mafuta na majani sikioni, tumpeleke kwa mganga mwenye ujuzi. Valsalva hakumhukumu kiziwi. Alitafuta kilichomzuia kusikia.