Harry Thuku: Kutoka kizuizini Kismayu hadi meza ya wakuu wa kahawa

WANAOTOKA Mountain View na Kangemi kwa Barabara ya Waiyaki kuelekea katikati ya jiji la Nairobi hatimaye hufika University Way, ambapo Kituo Kikuu cha Polisi kimepakana na barabara fupi iliyopewa jina la Harry Thuku. Wengi hulihusisha jina hilo na damu iliyomwagika karibu na hapo mnamo Machi 1922.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba Thuku ndiye Mwafrika wa kwanza kuketi katika bodi ya chama kilichopokea mavuno ya wakulima wa kahawa nchini na kuwakopesha fedha. Kati ya matukio hayo mawili ilipita miaka 37.

Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, wilayani Kiambu. Alipata elimu yake kwa wamishonari wa Gospel Missionary Society waliokuwa na kituo kijijini humo, kisha akaelekea Nairobi kutafuta riziki akiwa kijana mdogo.

Mji haukumpokea kwa upole. Mnamo 1911 alifungwa jela miaka miwili kwa kosa la kughushi hundi. Alipotoka aliajiriwa kupanga herufi katika mtambo wa gazeti la walowezi lililoitwa Leader, na baadaye akawa mpokeaji simu katika Hazina ya serikali ya kikoloni.

Ni vigumu kufikiria mahali bora zaidi pa kijana Mwafrika kujifunza jinsi fedha za nchi zilivyokusanywa na kutumiwa. Kodi ya nyumba ilikuwa imepandishwa hadi Sh16 kwa mwaka. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kubeba kipande. Kisha mwaka wa 1921 walowezi wakaafikiana kupunguza ujira wa vibarua wao kwa thuluthi moja.

Lililomchoma Thuku zaidi ni kazi ya shuruti. Machifu walikuwa wakiwakusanya wanawake na wasichana na kuwapeleka kwenye mashamba ya Wazungu, yakiwemo ya kahawa. Alipolikemea jambo hilo hadharani, wanawake wa Gikuyu walimtungia wimbo wa kumsifu na kumfanya kiongozi wao.

Mnamo Juni 1921 alishiriki kuunda Young Kikuyu Association. Mwezi uo huo machifu wa Kikuyu Association waliwasilisha malalamiko yao kwa maafisa wa serikali katika mkutano uliofanyika Dagoretti, magharibi mwa Nairobi. Thuku hakutaka mambo yaishie hapo. Alituma simu ya maandishi moja kwa moja hadi London, akilalamikia kodi, kipande na kazi ya shuruti.

Chama chake kiligeuka kuwa East African Association, kwa nia ya kuwaunganisha Waafrika wa makabila yote. Alisaidiwa na Wahindi wa Nairobi, hasa Manilal Desai, jambo lililowaudhi walowezi na machifu kwa pamoja. Mwajiri wake alipomtaka achague kati ya kazi ya Hazina na siasa, alichagua siasa.

Machifu, wakiongozwa na Kinyanjui wa Gathirimu, walimshtaki kwa serikali kwamba anavuruga amani. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikuwa wamejaa nje ya kituo cha polisi wakidai aachiliwe.

Viongozi wanaume waliporudi kutoka kwa maafisa na kuwaomba watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele ya umati kuwaaibisha, na wanawake wakasonga mbele kuelekea lango. Polisi walifyatua risasi. Inaelezwa kuwa Wazungu waliokuwa katika baraza ya hoteli ya Norfolk nao walijiunga. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilitangaza vifo 21, ilhali hesabu za wengine zilikuwa zaidi ya maradufu.

Kodi ilipunguzwa hadi Sh12 mwaka huo. Thuku mwenyewe hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kizuizini Kismayu, mji uliokuwa bado sehemu ya Kenya, na baadaye akahamishwa hadi Marsabit. Alizuiliwa kwa zaidi ya miaka minane, hadi mwisho wa 1930.

Aliyerejea Kiambu alikuwa mtu tofauti. Mnamo 1932 alichaguliwa rais wa Kikuyu Central Association (KCA), lakini alikosana na wenzake, na mwaka wa 1935 akaanzisha Kikuyu Provincial Association iliyoahidi kufuata sheria na kuitii serikali. Ingawa aliongoza kwa muda mfupi chama kilichokuja kuwa Kenya African Union (KAU) mwaka wa 1944, moyo wake ulikuwa umeanza kuhamia shambani.

Hapo ndipo kisa chake kinapokutana na kahawa. Mibuni ilikuwa Nairobi tangu mwishoni mwa karne ya 19, ambapo mapadri wa misheni ya St Austin's, upande wa magharibi wa mji, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipanda. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa Waafrika walinyimwa leseni ya kulima zao hilo. Walowezi walidai kuwa mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa na kushusha ubora. Hofu ambayo hawakuitangaza sana ni kwamba mwenye mibuni yake hangekuwa na haja ya kwenda kuchuma ya mwingine.

Waafrika waliruhusiwa kwa majaribio miaka ya 1930 katika sehemu kama Kisii na Meru, mbali na mashamba ya Wazungu. Wakulima wa Kiambu walisubiri hadi miaka ya 1950.

Mikopo nayo ilikuwa na ubaguzi wake. Benki ya Ardhi na Kilimo, iliyoanzishwa mwaka wa 1931 kuwaokoa walowezi wakati bei za mazao zilipoporomoka, ilihitaji dhamana ya ardhi. Mwafrika katika hifadhi hakuwa na hatimiliki, kwa hivyo hakuwa na cha kuweka rehani. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio ulioanza kumpa hatimiliki na idhini ya kulima mazao ya kuuza nje. Ulitekelezwa wakati maelfu ya jamaa zake wakiwa kizuizini kwa sababu ya vita vya Mau Mau.

Thuku aliwapinga Mau Mau waziwazi, hata kupitia redio mwaka wa 1952. Kwa waliokuwa msituni na kambini, mtu aliyewahi kufungwa bila kesi alikuwa amevuka mto na kuketi upande wa waliomfunga. Doa hilo halikufutika, na haiwezekani kueleza kuinuka kwake bila kulitaja.

Mnamo 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya Kenya Planters Co-operative Union (KPCU), chama kilichoundwa mwaka wa 1937. KPCU ilipokea kahawa, kuikoboa, na kuwapa wanachama pembejeo na malipo ya awali wakisubiri mauzo. Waliokaa kwenye meza hiyo ndio walioamua nani akopeshwe, akatwe kiasi gani na alipwe lini. Mkulima mwenye mibuni mia moja hakuwa amewahi kuwa na mtu wa kumsemea pale.

Kiti kimoja hakikubadilisha hesabu za kura, kwani wenye mashamba makubwa bado walikuwa na sauti nzito. Lakini kilifungua mlango. Baada ya uhuru wa 1963, wakulima wadogo kupitia vyama vyao vya ushirika walizidi kuwa nguzo ya kahawa ya Kenya, na serikali ikaunda Shirika la Fedha za Kilimo (AFC), ambalo baadaye lilirithi shughuli za benki ile ya walowezi.

Thuku alimalizia siku zake akiwa mkulima na kuaga dunia Juni 14, 1970. Tawasifu yake ilichapishwa mwaka uo huo.

Chama alichokihudumia hakikusalimika. Mnamo 2009 KPCU iliangukia mikononi mwa wasimamizi walioteuliwa na benki iliyokuwa ikiidai, wakati huo bodi ikiongozwa na Waafrika. Serikali iliunda New KPCU miaka kumi hivi baadaye na kuikabidhi hazina ya Sh3 bilioni ya kuwapa wakulima malipo ya awali.

Kuanguka huko kunaonyesha kwamba kubadilisha rangi ya wanaoketi mezani hakukutosha kulinda jasho la mkulima. Swali la 1921 lilikuwa ni nani anayefaidika na kazi ya mama anayechuma kahawa. Kila anayeteuliwa katika bodi ya fedha za wakulima hulirithi swali hilo, awe analijua au halijui. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Thuku, pamoja na makosa yake yote, alikuwa amekilalia.